Ubingwa na Kibanja: Daktari wa Karagwe na Kyerwa Mbele ya Uchaguzi wa Mahali pa Kusomea

Mafunzo ya ubingwa wa tiba, ambayo nchini Tanzania hutolewa zaidi kwa njia ya shahada ya uzamili na kuchukua miaka 3 katika fani nyingi na 4 katika baadhi ya fani na vyuo, humkuta daktari akiwa mwanafunzi na mtumishi kwa wakati mmoja. Amekwisha kusoma miaka 5 ya shahada ya kwanza, amemaliza mwaka 1 wa utarajali, yaani kazi ya hospitalini chini ya usimamizi kabla ya kusajiliwa kikamilifu, na mara nyingi ametumikia hospitali ya wilaya miaka kadhaa kabla ya mwajiri kumpa ruhusa ya masomo. Anaporudi darasani huwa amekaribia miaka 30 au ameipita, ana mwenza na watoto wadogo, na wazazi wake wameanza kuhitaji mtu wa kuwashika mkono. Uchaguzi wa chuo kwa mtu wa namna hiyo haupimwi kwa sifa za chuo peke yake, na mhadhara huu unauchunguza kwa kutazama wilaya mbili za kaskazini-magharibi mwa mkoa wa Kagera, Karagwe na Kyerwa, ambako hata ukaribu wenyewe si jambo la kupimwa kwa haraka.

Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, na katika sensa ya mwaka huohuo wilaya hizo mbili kwa pamoja zilikuwa na watu zaidi ya 650,000. Mto Kagera unazitenganisha na Rwanda upande wa magharibi, na upande wa kaskazini Kyerwa inapakana na Uganda kwenye kituo cha Murongo. Kwa miaka mingi mzigo wa tiba umebebwa na hospitali za makanisa, hasa Nyakahanga ya Dayosisi ya Karagwe ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, ambayo Serikali iliiteua kufanya kazi ya hospitali ya wilaya, na Isingiro ya Kanisa Katoliki iliyoko Kyerwa. Mgonjwa anayewashinda hupewa rufaa kwenda hospitali ya mkoa iliyoko Bukoba, na akishindikana huko hupelekwa Bugando, jijini Mwanza, ambayo ni hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa. Ngazi hii ya rufaa inastahili kukumbukwa, kwa maana njia anayopita mgonjwa kwenda juu ndiyo ileile anayopita daktari anapotafuta ubingwa, isipokuwa daktari hutarajiwa kurudi kwa njia hiyohiyo akiwa na kitu mkononi.

Tanzania haina utaratibu kama wa Marekani, ambako tangu mwaka 1952 waombaji huorodhesha hospitali wanazozitaka, hospitali nazo huorodhesha waombaji, kisha orodha hizo hulinganishwa na chombo kimoja na kila mtu kupewa nafasi. Daktari wa Karagwe huomba mwenyewe chuoni, na matokeo hutegemea sifa zake, barua ya mwajiri na mfuko wa kulipia ada. Uwanja wa kuchagua si mpana. Muhimbili, jijini Dar es Salaam, ambako mafunzo ya udaktari nchini yalianzia mwaka 1963, ndiko kwenye fani nyingi zaidi, na anayetaka tiba ya dharura, fani iliyoanza kufundishwa huko mwaka 2010, au upasuaji wa ubongo, hana sababu ya kujisumbua kupima umbali, kwa sababu fani kwa kiasi kikubwa imekwisha kumchagulia Dar es Salaam. Hospitali ya KCMC ya Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, ina jina lake katika magonjwa ya ngozi na njia ya mkojo. Anayetaka tiba ya ndani, magonjwa ya watoto, upasuaji wa jumla au magonjwa ya wanawake na uzazi, fani 4 ambazo wilaya inazihitaji kuliko nyingine zote, anaweza kusoma Bugando, ambayo nayo ilifunguliwa mwaka 1971 na kupata chuo chake cha tiba mwaka 2003. Kwa watu wengi wa Kagera, Bugando ndiyo maana ya kusoma karibu na nyumbani.

Dai hilo linafaa kupimwa. Tafiti za Marekani juu ya madaktari wa familia, yaani mabingwa wanaohudumia watu wa rika zote katika jamii moja, zimeonyesha kwamba zaidi ya nusu yao hufanya kazi ndani ya maili 100, sawa na kilomita 160 hivi, kutoka mahali walipopatia ubingwa. Kipimo hicho kikiwekwa juu ya ramani ya Afrika Mashariki, na duara la kilomita 160 likachorwa kuanzia mji wa Kayanga, makao makuu ya Karagwe, Bugando inabaki nje ya duara, kwa kuwa hata kwa mstari ulionyooka juu ya maji ya ziwa umbali unazidi kilomita 200. Hospitali za kufundishia mabingwa zinazoangukia ndani ya duara hilo ziko nchi za jirani, zikiwemo ya Mbarara, ambako Uganda ilianzisha chuo kikuu cha sayansi na teknolojia mwaka 1989 kwa kuanza na udaktari, na za Kigali, Rwanda. Kutoka Murongo hadi Mbarara, kwa mstari ulionyooka, hakufiki kilomita 60. Zaidi ya hayo, Kinyambo cha Karagwe na Kinyankole cha Mbarara ni lugha za ukoo mmoja zinazosikilizana, hata daktari aliyekulia Nkwenda, wilayani Kyerwa, anaweza kumhoji bibi wa Mbarara juu ya maumivu yake bila mkalimani, huduma ambayo daktari huyohuyo asingeweza kumpa bibi wa Kisukuma anayezungumza lugha yake tu katika wodi ya Mwanza.

Kwa nini basi wengi hawaelekei kaskazini? Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inatambua haki ya watu na huduma kuvuka mipaka, na mabaraza ya madaktari ya nchi wanachama yamekuwa yakishirikiana kukagua vyuo na kutambua vyeti. Ugumu unabaki katika mambo madogo yenye nguvu kubwa, kama ada ya mwanafunzi wa kigeni, usajili wa muda wa kutibu wagonjwa katika nchi ya watu, ufadhili ambao kwa kawaida umetengwa kwa kufuata vyuo vya ndani, na mwajiri anayeona ruhusa ya kusoma nje ya nchi kuwa jambo la ngazi za juu hata pale ambapo nje yenyewe inaonekana ng'ambo ya mto. Kahawa ya Kyerwa imekuwa ikivuka kwenda Uganda kwa njia halali na kwa magendo katika miaka ambayo bei ya huko ilikuwa nzuri. Barua ya kudahiliwa imeshindwa kupita palepale kahawa inapopita.

Kahawa hiyo ina nafasi yake katika shauri la familia. Uchumi wa nyumba ya Karagwe umejengwa juu ya kibanja, yaani shamba linaloizunguka nyumba, lenye migomba kwa chakula na mibuni kwa fedha, na mara nyingi lenye makaburi ya waliotangulia. Watoto wengi wa wilaya hizi wamesomeshwa kwa kahawa iliyoanikwa uani na kuuzwa kwa chama cha msingi, na daktari aliyepatikana kwa njia hiyo huhesabiwa kuwa mavuno ya ukoo mzima. Hutarajiwa kufika msibani, kushika nafasi yake katika kikao cha ukoo, kusimamia kibanja baba anapozeeka, na kusomesha wadogo zake. Wanaodhani kwamba mtu anayetaja wazazi katika kuchagua chuo amekosa hamu ya kupanda juu hawajazingatia kwamba deni hilo lilianza kukopwa kabla hajajua kusoma, na kwamba anayeliacha bila kulilipa hupoteza mahali pa kurudi.

Hata hivyo ukaribu wa Bugando una sura ambayo waombaji wengi huigundua wakiwa wamekwisha kuripoti. Daktari hupanga kwamba akiwa Mwanza atakwenda nyumbani mara kwa mara, lakini ratiba ya zamu za usiku, raundi za asubuhi na utafiti wa tasnifu haimwachii siku ya kutosha kwa safari ya basi ambayo huimeza mchana wote. Meli ya usiku kutoka Mwanza humfikisha Bukoba alfajiri, na bado ana safari ya barabara kupitia Kyaka hadi Karagwe. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 na lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa foleni ya kivuko iliyokuwa ikiwaweka abiria na magari ya wagonjwa kandokando ya maji kwa saa nyingi, lakini halikuifupisha barabara iliyobaki.

Kinachotokea ni kinyume chake, kwamba familia ndiyo inayomwendea daktari. Mgonjwa wa Karagwe aliyepewa rufaa hufika Bugando na ndugu wawili au watatu, wana chupa ya chai, blanketi na bahasha ya majibu ya vipimo, hawajui wodi iko ghorofa ya ngapi, na wamebeba namba ya simu waliyopewa na mtu wa kijijini: namba ya kijana wetu anayesoma pale. Kijana huyo, ambaye pengine yuko chumba cha upasuaji, hutakiwa kutafuta kitanda, kueleza fomu ya bima, kumpata mchangia damu, kupendekeza mahali pa kulala na, mgonjwa akifariki, kupanga namna ya kuusafirisha mwili. Kanuni za taaluma humtaka daktari asimtibu ndugu yake wa karibu pale anapoweza kuepuka, kwa sababu mapenzi hupotosha uamuzi. Hazisemi lolote juu ya kumwelekeza shangazi dirisha la dawa. Kazi hii haionekani katika ratiba ya mafunzo wala katika alama za mtihani, nayo ni sehemu kubwa ya gharama ya kusoma karibu. Mwenzake aliyeko Moshi au Dar es Salaam hutuma fedha na pole kwa simu, akasamehewa.

Gharama hiyo haifuti hoja ya ukaribu. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya 2010 na 2021 juu ya watumishi wa afya wa vijijini, limependekeza kuwapokea vyuoni vijana waliokulia vijijini na kuyaweka mafunzo karibu na maeneo hayo. Japani ilikwenda mbali zaidi mwaka 1972 kwa kufungua chuo cha tiba cha Jichi, kinachochukua wanafunzi kutoka kila mkoa na kuwarudisha mkoani kwao kutumikia, kwa kawaida miaka 9. Tanzania imetegemea zaidi mikataba ya kumrudisha daktari kwa mwajiri, na tangu 2024 imepeleka katika halmashauri kambi za mabingwa zinazokaa siku chache. Kambi hizo zimewafaa wengi, ingawa mjamzito anayepasuka kizazi wiki ya pili baada ya kambi kufungwa hana cha kuzikumbukia.

Njia iliyo wazi zaidi ni kuipeleka sehemu ya mafunzo yenyewe Kagera. Chuo cha Madaktari Wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilichoanzishwa mwaka 1999, huwafundisha wapasuaji katika hospitali wanakofanyia kazi mradi zimekaguliwa na zina wasimamizi, na mtihani ni mmoja kwa nchi zote. Kwa utaratibu unaofanana na huo, miezi 6 ya mafunzo ya uzazi au ya watoto ingeweza kufanyiwa Bukoba, kilomita 100 na ushei kutoka Kayanga kwa barabara ya lami. Sharti gumu ni bingwa mwandamizi wa kusimamia, na huyo hapatikani kwa waraka. Hupatikana kwa nyumba, posho ya kufundisha na maabara inayotoa majibu ya kinyama, yaani kipande kidogo cha mwili kilichokatwa kwa uchunguzi, kabla mgonjwa hajarudi kijijini. Linabaki pia suala la mwenza. Utumishi wa umma umezoea uhamisho wa kumfuata mwenza aliyehamishwa moja kwa moja, lakini mwalimu wa Nkwenda ambaye mume wake anakwenda Mwanza kwa miaka 3 kisha arudi humwacha mkurugenzi wa halmashauri akijiuliza atamjaza nani darasani, na kwa kukosa jibu barua yake hukaa kwenye jalada hadi masomo yanapokwisha.