Kiberiti cha mmoja, hasara ya wengi

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanachama. Yamebandikwa hapa kwa faida ya wale ambao hawakufika.)

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wanachama, wazee wetu, na ninyi vijana mliokaa nyuma.

Hali mnaiona. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini mvua ikishakatika mwezi Mei, tunaingoja mpaka Novemba. Majani yamekauka, upepo unavuma, na ndio wakati kila mtu anasafisha shamba. Hapo ndipo moto kichaa unapozuka. Hauletwi na shetani, jamani. Unaletwa na anayechoma takataka za shamba akaenda zake, na mrina asali anayeacha mwenge, na anayetupa kipande cha sigara njiani.

Oktoba 2020 moto uliwaka Mlima Kilimanjaro. Mamia ya watu walipanda kuuzima, na ulipokwisha ulikuwa umeteketeza kama kilometa 95 za mraba. Kama penye askari wa hifadhi ilikuwa hivyo, sisi wenye matawi na majembe itakuwaje?

Msindano wa mbao unakaa shambani miaka 10 na zaidi. Kwa wengi wetu miti hiyo ndiyo ada ya watoto na ndiyo akiba ya uzeeni. Alasiri moja ya upepo inatosha kuimaliza, na aliyewasha hana uwezo wa kulipa hata robo. Kumfunga hakurudishi miti.

Basi tukubaliane haya:

1. Siku ya upepo hakuna kuchoma, hata mwenye kibali. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imeweka masharti ya kuchoma. Asiyeyajua aulize ofisi ya kijiji kwanza.

2. Anayechoma awaambie majirani wa mipaka yote. Asafishe pande zote mpaka udongo uonekane, awe na watu na maji. Angoje jioni upepo ukitulia. Aanzie upande upepo unakokwenda, ili moto urudi polepole. Na kwenye mteremko aanzie juu.

3. Asiondoke mpaka majivu yapoe. Kisiki huficha moto hata siku kadhaa, kisha upepo ukauamsha.

4. Moto ukizuka, piga yowe, piga simu kwa mwenyekiti wa kitongoji. Watoto, wazee na wagonjwa watolewe kwanza. Moto upigwe kutoka nyuma na ubavuni. Usisimame mbele yake. Usikimbilie mlimani, maana moto hupanda mlima upesi kuliko mtu. Kimbilia palipolimwa au palipokwisha kuungua na kupoa. Usiende na nguo za nailoni, zinayeyukia mwilini.

Neno la mwisho, na hili ndilo linalotushinda. Mpaka kati ya shamba na shamba umejaa majani kwa sababu kila mmoja anangoja mwenzake afyeke. Huyu anasema ni wa yule, yule anasema ni wa huyu. Moto ukija hauulizi ni wa nani. Naomba mkutano huu usivunjike kabla hatujapanga siku ya kufyeka mipaka yote kwa pamoja, na majina yaandikwe hapa hapa. Asiye na nguvu atume kijana wake. Mjane asiye na mtu, tumfyekee sisi.