Moto na Maji Katika Picha Moja

(Maneno tuliyozungumza na vikundi vya Mghange)



Mmetuuliza jambo ambalo vikundi vingi vinalo. Moto wa kusafishia shamba ukiruka mpaka ukashuka hadi chemchemi, mnapiga picha ili muipeleke kwa chifu au kwa bwana misitu. Picha ikitoka, moto umekuwa doa jeupe kama karatasi, ama moto uko sawa lakini maji ni giza tupu. Ofisa anauliza, "Sasa chemchemi iko wapi hapa?" Hapo kesi yenu imelala. Na chemchemi si jambo dogo huku kwetu. Misitu iliyobaki katika milima ya Taita, kama Ngangao, Mbololo na Chawia, ni vipande tu, navyo ndivyo vinavyonasa ukungu na kutulishia mito.

Neno moja kabla ya kamera. Moto ukiwaka, watu wote wazime, mmoja tu ndiye apige picha. Asimame upande unakotoka upepo, nyuma yake pawe na njia ya kukimbilia. Wala msiwashe moto penye chemchemi ili mpate picha. Huo ni uongo, na tena ni uharibifu ule ule mnaoulalamikia.

Haya. Kwa nini picha inakataa? Moto una mwanga wake wenyewe. Mchana au usiku, ukali wake ni ule ule. Maji hayana mwanga, yanaazima wa mbingu. Saa sita mchana mbingu inang'aa mno, na ndimi za moto zinafifia mpaka huzioni. Saa mbili usiku maji hayana cha kuazima. Kamera, maskini, haina macho kama yetu ya kuona kiza na mwanga kwa pamoja. Lazima ichague, na ikiona giza kubwa inafungua mwanga mwingi, moto unaungua.

Lakini kila jioni kuna dakika chache ambapo mbingu na moto vinakuwa karibu sawa. Huku Taita jua linatua kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo hivi, kulingana na mwezi. Ngojeni dakika kumi baada ya kutua. Kuanzia hapo mna kama dakika kumi au kumi na tano, basi, maana kwetu giza haliji polepole kama Ulaya. Mkiwa bondeni mlima unaficha jua mapema, lakini msidanganyike: tazameni mbingu, sio kivuli.

Moto wa shamba hauji kwa miadi, tunajua. Ukija usiku, uchungeni moto kwanza, maji baadaye. Sehemu ya picha iliyoungua hairudi tena. Iliyo na giza kidogo yaweza kuongezewa mwanga ikaonekana. Kwenye simu nyingi unagusa moto kwa kidole pale kwenye kioo, kisha unavuta alama ya jua kwenda chini mpaka ndimi zirudi rangi ya chungwa. Ukikaza kidole, simu nyingi zinashika kipimo hicho zisibadilishe. Zimeni fleshi. Fleshi inaangaza moshi, na maji ya mbali hayafikii.

Wenye kamera ya kurekebisha, tena wako wachache hapa: kwa ISO 400 anzeni na tundu la f/4 na kasi ya sehemu ya 60 ya sekunde, kisha pigeni nyingine mbili, moja yenye mwanga mara mbili na moja nusu. Kasi ndogo zaidi inalainisha maji yakaonekana kama maziwa, inapendeza kwenye kalenda, lakini ndimi za moto nazo zinakuwa ukungu. Kwa ripoti haifai. Laza kamera juu ya jiwe au gunia la maharagwe isitikisike.

Ujanja ambao sisi tunaupenda kuliko wote ni wa kusimama. Nenda ng'ambo ya maji, chuchumaa, upate moto na kivuli chake ndani ya maji. Hapo maji yanajionyesha yenyewe hata kukiwa na giza, na umbali kati ya moto na chemchemi unaonekana bila maelezo. Mweke na mtu mmoja ukingoni, ili anayetazama apime ukubwa.

Simu nyingine zinapiga picha kadhaa kwa mpigo na kuziunganisha, giza na mwanga pamoja. Kwa maji yaliyotulia ni sawa. Lakini moto hautulii, na wakati mwingine ndimi zinatoka mbili mbili. Pigeni na ile ya kawaida pia.

Katibu aandike siku ile ile: tarehe, saa, jina la chemchemi, na mpigaji alisimama upande gani. Picha ya asili isifutwe wala kupakwa rangi.

Kazi ya wiki hii ni nyepesi. Kila kikundi kiwashe jiko nje ya nyumba jioni, kiweke karai la maji mbele yake, kipige picha tatu: jua likiwa bado juu, dakika kumi na tano baada ya kutua, na giza likiisha kuingia. Njooni nazo mkutano ujao tuzitazame pamoja.