Mwanga Uingie Kushoto

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Leo nataka kuzungumzia chumba anamokunjwa samaki huyo.

Darasa nililojifunzia kusoma, huko kijijini kwetu, lilikuwa na madirisha mawili madogo, yote upande wa magharibi. Asubuhi tulisoma kizani. Alasiri jua lilituchoma. Sisi wa nyuma tulinakili kwa kubahatisha, kisha tukachapwa kwa uzembe. Na jengo lile walilijenga wazazi wetu wenyewe. Walisomba mawe, wakafyatua matofali, wakatoa na senti zao. Kitu kimoja tu hawakupewa: mchoro.

Nimelikumbuka darasa hilo baada ya kusoma habari za shule za vijijini za watu weusi, kusini mwa Marekani, zinazoitwa shule za Rosenwald. Mwaka 1912 Booker T. Washington, aliyezaliwa mtumwa na baadaye akaongoza chuo cha Tuskegee katika jimbo la Alabama, alimwomba msaada tajiri mmoja wa Chicago, Julius Rosenwald, mkuu wa kampuni ya biashara ya Sears, Roebuck. Walianza na shule sita ndogo. Ilipofika mwaka 1932 zilikuwa shule 4,977 katika majimbo 15.

Kabla ya hapo watoto wengi weusi wa vijijini walisomea makanisani au katika vibanda vinavyovuja. Serikali za majimbo zilikusanya kodi kwa weusi na weupe, lakini fungu kubwa la elimu likaenda kwa watoto wa weupe.

Sasa sikiliza jinsi shule hizo zilivyojengwa. Michoro ya mwanzo ilitoka Tuskegee kwenyewe, kwa msanifu mweusi Robert R. Taylor na wenzake. Vijiji havikuwa na umeme, kwa hiyo taa ya darasa ilikuwa jua. Wakapanga madirisha marefu, yamebanana safu moja, karibu kufika darini. Wakayaweka upande mmoja wa darasa, na madawati yakapangwa ili mwanga uingie kutoka mkono wa kushoto wa mtoto. Kwa nini kushoto? Kwa sababu watoto wengi huandika kwa mkono wa kulia. Mwanga ukitoka kulia, kivuli cha mkono kinaangukia neno analoliandika.

Baadaye, michoro ilipotolewa kutoka Nashville, shule za ukubwa mmoja zilichorwa kwa namna mbili: moja kwa kiwanja kinachotazama kaskazini au kusini, nyingine kwa kile cha mashariki au magharibi. Kiwanja kikibadilika, vyumba vinapangwa upya, lakini haki ya mtoto kupata mwanga haibadiliki. Jengo liliinuliwa juu ya nguzo fupi za matofali, hewa ikapita chini ya sakafu ya mbao. Kati ya madarasa mawili, mara nyingi waliweka ukuta wa mbao unaofunguka, na jioni darasa likageuka ukumbi wa mikutano ya wazazi.

Na fedha? Rosenwald alitoa kwa sharti: wananchi watoe, na serikali nayo itoe. Watu wakauza kuku, wakatoa mbao na nguvu zao, wengine wakatenga kipande cha shamba la pamba kwa ajili ya shule. Hesabu ya mwisho inaonyesha kuwa mfuko wa tajiri ulitoa kama dola milioni 4.3, na watu weusi, wengi wao wakulima maskini, wakatoa zaidi ya milioni 4.7. Maskini walimpita tajiri! Tena walikuwa wamekwisha kulipa kodi. Walilipia haki yao mara mbili, na tunapowasifu tusiisahau dhuluma hiyo.

Katika shule hizo alisoma mwandishi Maya Angelou, na pia John Lewis, mpigania haki aliyekuja kuwa mbunge. Baada ya hukumu ya Mahakama Kuu ya mwaka 1954 iliyopinga ubaguzi mashuleni, nyingi zilifungwa polepole. Nyingine zikawa maghala ya majani. Mwaka 2002 ziliwekwa kwenye orodha ya majengo ya kihistoria yaliyo hatarini, na katika vijiji kadhaa wanafunzi wa zamani, vikongwe sasa, wamechanga tena ili kuzikarabati.

Mawazo ya Tuskegee yalifika hata kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes, akiwamo Dakta Aggrey wa Gold Coast, ilizunguka nchi zetu, na mwaka 1925 chuo cha walimu wa vijijini cha Jeanes kikafunguliwa Kabete, Kenya. Tulihubiriwa sana kilimo na kazi za mikono. Laiti dirisha nalo lingehubiriwa kwa bidii hiyo.

Sisemi tunakili michoro ya Alabama. Kwetu karibu na ikweta, jua la asubuhi na la jioni huingia ndani moja kwa moja, kwa hiyo madirisha yatazame kaskazini na kusini, na paa lizidi ukuta ili litoe kivuli. Tunakili ile fikira: mtu aliketi, akamwaza mtoto na kalamu yake, ndipo akachora.

Wewe uliye mjini, karatasi ya mchango wa shule ya kijijini kwenu itakufikia, kama haijafika. Toa. Lakini kabla ya kuandika jina lako, omba uone mchoro, uulize: dirisha liko upande gani, na mtoto ataketi akitazama wapi? Wakishindwa kukujibu, mwambie fundi asubiri. Ukuta ukishasimama, atakayelipa ni mtoto, kwa macho yake.