MANENO YANAYOKATIKA NJIANI

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, Mnyambe



Niliombwa niseme machache juu ya kazi yangu, nayo ni kazi ya kutengeneza na kurekebisha programu za kompyuta. Baadhi yetu tulio hapa tulikuwa bado vijana mwaka 1974, Serikali ilipopiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na chombo kikubwa cha ofisini kilikuwa taipureta. Leo kijana wa kidato cha sita anaomba mkopo wa chuo kwa simu iliyo mfukoni mwake. Katika mabadiliko hayo nimechagua kuzungumzia jambo moja tu, dogo kwa macho, lakini lenye kuwadhulumu watu bila wao kujua. Ni maelezo tunayoyaandika katika fomu za mtandaoni, ambayo wakati mwingine hufika yakiwa yamekatika.

Wazee wanaikumbuka telegramu. Ulikwenda posta, ukahesabiwa kila neno, na kwa kuwa kila neno lilikuwa na bei yake, ulipunguza mwenyewe mpaka yakabaki matatu: BABA MGONJWA NJOO. Lakini ulijua umeacha nini na umepeleka nini. Fomu ya mtandaoni haikupi nafasi hiyo. Unaandika katika kidirisha, unabonyeza kitufe, nayo inakujibu kwa adabu kwamba maombi yako yamepokelewa. Unakwenda zako umetulia. Kumbe kilichopokelewa ni nusu ya ulichoandika, na aliyekata hakukuambia.

Sasa tazameni jinsi sisi tunavyoandika barua. Tumefundishwa kuanza na salamu, kisha hali, kisha tukajieleza sisi ni nani na tumetoka wapi, na ombi lenyewe tukaliweka mwishoni. Huo ni ustaarabu mwema, wala sisemi tuuache baina yetu. Lakini kompyuta inapokata hukata mkia, na sisi shida yetu tumeiweka mkiani. Matokeo yake ni kwamba msomaji wa upande wa pili anapata salamu nzuri sana zisizo na ombi.

Katika ofisi moja ambayo sina haja ya kuitaja, niliwakuta maofisa wakipitia maombi ya vijana. Maelezo ya waombaji kadhaa yaliishia katikati ya sentensi, mengine katikati ya neno. Mmoja wa maofisa alisikitika kwamba vijana wa siku hizi hawajui hata kumaliza sentensi, na maombi hayo yakawekwa pembeni. Tulipohesabu herufi za kila maelezo, pamoja na nafasi zilizo kati ya maneno, kila moja lilikuwa na herufi 255, bila kuzidi wala kupungua. Vijana wasiojuana hawawezi wote kuchoka kuandika kwenye herufi moja. Aliyekatisha ni mtambo, lakini sifa ya uzembe ilikuwa imekwisha kubandikwa kwa waombaji.

Ndugu Mwenyekiti, tunafanyaje ili kumjua aliyekata? Mfano ninao hapa hapa nyumbani. Sote tuliokulia juu ya uwanda huu wa Makonde tunajua thamani ya maji, maana hapa juu hakuna mto, na mama zetu waliteremka mabondeni usiku kuyafuata. Mradi wa maji wa Makonde huyasukuma kwa pampu kutoka bondeni mpaka huku juu. Bomba likikauka kijijini, fundi mwenye akili habomoi kila kitu. Hulifuata bomba kituo kwa kituo. Pale anapokuta maji yapo, na kituo kinachofuata hayapo, anajua kasoro iko kati ya vituo hivyo viwili.

Maandishi nayo yana vituo vyake. Kwanza yako katika kidirisha cha fomu kwenye simu yako. Pili, yanasafiri mtandaoni. Tatu, yanapokewa na programu iliyo kwenye seva, yaani ile kompyuta kubwa inayohudumia. Nne, yanawekwa katika hifadhidata, ambayo ni kama daftari lenye safu zilizopimwa upana. Tano, yanatolewa tena na kuonyeshwa kwenye ukurasa ili mtu ayasome. Yanaweza kukatika katika kituo chochote kati ya hivyo, na kila kituo hukata kwa namna yake. Hivyo mahali pa mkato ndipo penye ushahidi.

Namna ya kwanza ni mkato wa idadi, na huu unaweza kuanzia kwenye fomu yenyewe. Mwenye fomu ameweka kikomo, tuseme herufi 500. Ukichapa kwa vidole, kidirisha kinagoma ukifika mwisho, nawe unaona. Lakini ukinakili maelezo uliyokwisha kuyaandika mahali pengine na kuyabandika, kilichozidi hudondoka kimya kimya. Kuna na hila nyingine hapa: kila unapoanza mstari mpya, kivinjari kinaweza kuuhesabu kuwa herufi moja, ilhali kwenye seva unafika ukiwa herufi mbili. Mtu mwenye aya nyingi anaweza kupita salama kwenye fomu akakatwa huko mbele.

Mkato wa idadi hutokea pia katika hifadhidata. Safu ikitengenezwa ya herufi 255, yanayozidi hayana mahali pa kukaa. Namba hiyo haikuangukia hapo kwa bahati. Baiti moja, yaani kipimo kidogo cha kumbukumbu ya kompyuta, huweza kuhesabu kutoka 0 mpaka 255, na urefu wa maandishi uliwekwa katika baiti moja. Hifadhidata iitwayo MySQL, ambayo hutumika sana duniani, kwa miaka mingi ilikuwa ikikata kilichozidi na kuacha onyo dogo ambalo watu wachache walilisoma. Toleo lake la 5.7, lililotoka mwaka 2015, ndilo lililoanza kwa kawaida yake kukataa maandishi yaliyozidi badala ya kuyakata. Lakini mitambo ya zamani, na ile ambayo wenyewe wameuzima ulinzi huo, bado ipo kazini.

Namna ya pili ni mkato wa alama, na huu unatuhusu sisi wasema Kiswahili kuliko watu wengi. Nazungumzia ritifaa, ile alama ndogo iliyomo katika ng'ombe, ng'ambo na king'amuzi. Mwombaji wa kule Masasi anaandika: Natoka Nang'oo. Programu inapotaka kumwonyesha tena maelezo yake ayahakiki, huweza kuyaweka kati ya ritifaa mbili, moja ya kufungua na moja ya kufunga. Ikiwa aliyeitengeneza hakuwa mwangalifu, kivinjari kinapokutana na ritifaa ya Nang'oo hudhani ndiyo ya kufunga. Kinachoonekana ni: Natoka Nang. Yaliyobaki yote hayaonekani.

Hapo nawaomba mnisikilize vizuri. Huenda maelezo yote bado yamo salama katika hifadhidata, na kilichokatwa ni kile kinachoonyeshwa tu. Lakini mwombaji akibonyeza tena kitufe cha kuhifadhi, atakuwa ameagiza ile nusu iwekwe mahali pa nzima. Kwa hiyo ukirudi kwenye fomu ukakuta maneno yako yamepungua, usihifadhi. Toka, kisha uwaulize wenye fomu wanaona nini upande wao.

Alama nyingine zina tabia kama hiyo. Alama ya & na ile ya # zina kazi yake maalumu katika anwani za mtandao, na programu iliyounganisha anwani kiholela itakata maneno pale zilipo. Vile vikatuni vya nyuso vinavyocheka vimewahi kukata maelezo ya watu wengi, kwa sababu kila kimoja huchukua baiti 4, na mpango wa zamani wa herufi katika MySQL uliishia baiti 3. Kwenye mitambo hiyo kila kilichofuata uso unaocheka kilipotea, na mwenye kuandika alikuwa amecheka mapema.

Namna ya tatu iko katika ujumbe mfupi wa simu. Mwaka 1985 mhandisi Mjerumani, Friedhelm Hillebrand, alikaa na taipureta yake akaandika sentensi za kawaida na kuhesabu herufi, akaona nyingi hazifiki 160. Hicho ndicho kipimo cha ujumbe mfupi mpaka leo. Lakini kipimo hicho ni kwa herufi zilizomo katika orodha iliyokubaliwa. Ritifaa iliyonyooka imo. Ritifaa iliyopinda, ambayo simu na kompyuta nyingi huiweka zenyewe kwa ajili ya urembo, haimo. Ikiingia moja tu, ujumbe wote huandikwa kwa mpango mwingine, na nafasi hushuka kutoka 160 mpaka 70. Katibu wa chama cha msingi akiwaandikia wanachama tangazo la herufi 150 lenye neno ng’ombe la ritifaa iliyopinda, tangazo hilo hugawanyika mara tatu. Atalipia mara tatu, na mtambo usiojua kuunganisha vipande utaonyesha cha kwanza peke yake.

Ndugu zangu, msidhani haya ni mambo ya wanafunzi na mikopo tu. Tangu msimu wa 2007/2008 korosho zetu huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani. Jina la mkulima lazima lioane katika daftari la chama, katika kitambulisho na katika akaunti ya benki. Jina la tatu likikatwa au ritifaa ikidondoka mahali pamoja na kubaki mahali pengine, mzee mmoja huonekana kuwa watu wawili, na malipo yake husimama mpaka athibitishe kwamba yeye ni yeye.

Wala sisemi kwamba kila kukata ni dhuluma. Tazameni pasi ya kusafiria. Chini ya ukurasa wenye picha kuna mistari miwili inayosomwa na mashine, na jina limepewa nafasi 39 tu. Ritifaa huondolewa, na jina refu hufupishwa. Lakini kanuni ya kufupisha imeandikwa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, inajulikana kwa nchi zote, na jina lenyewe limechapwa kwa kawaida juu ya mistari hiyo. Huko ni kukata mchana kweupe. Ninacholalamikia ni kukata gizani na kusema asante.

Basi nina mashauri kwa makundi matatu.

Kwenu vijana: andikeni maelezo yenu kwanza mahali pengine na myatunze. Katika fomu, wekeni ombi katika sentensi ya kwanza, na historia ifuate. Mkisha kubandika, teremkeni mpaka chini msome neno la mwisho kabla ya kutuma. Mkipewa nakala ya maombi, someni neno la mwisho tena, na nakala hiyo muihifadhi. Majina yenu yaandikeni kwa namna moja kila mahali, na ritifaa iwe ile iliyonyooka.

Kwenu mlio maofisini: mkiona maelezo yaliyoishia katikati ya neno, msihukumu. Hesabuni herufi. Tazameni kama na mengine yameishia idadi hiyo hiyo, au kama yote yameishia kwenye alama moja. Kisha mpigieni mwombaji simu kabla hamjaweka faili lake pembeni.

Kwenu mnaotengeneza fomu: zijaribuni kabla hamjawapa wananchi. Njia rahisi ni kuandika 0001, nafasi, 0002, nafasi, na kuendelea mpaka 0200, kisha mtume. Kila namba pamoja na nafasi yake ni herufi tano. Ikiwa namba ya mwisho mnayoiona upande wa pili ni 0051, mmekwisha kupata jibu, maana 51 mara 5 ni 255. Halafu tumeni sentensi yenye Nang'oo, na &, na uso unaocheka, mwone kipi kinafika. Andikeni kikomo mahali kinapoonekana, na kwa kila safu hakikisheni kwamba kikomo cha fomu hakizidi cha hifadhidata. Na mtambo ukishindwa kupokea yote, ukatae kwa sauti, mwandishi apate kupunguza mwenyewe kama alivyofanya kwenye telegramu.

Ndugu Mwenyekiti, shule hii ilitufundisha kusoma na kuandika ili tuweze kujieleza mbele ya mtu yeyote. Kijana wa Mnyambe anayejieleza vizuri anastahili kusikilizwa mpaka nukta ya mwisho. Wale kati yetu tuliokabidhiwa mitambo tuwe walinzi wa nukta hiyo.