Mungu Hana Manamba

Nataka kusema nanyi juu ya neno ambalo wengi wetu tumelisikia tangu utoto, walakini ni wachache waliolipokea moyoni. Ukimwuliza mwanafunzi wa dini, "Je, Mungu hupenda watu?" atajibu upesi, "Naam, hupenda." Mwulize tena, "Je, akupenda wewe? Hupendezwa akikuona?" Hapo atainamisha macho. "Mungu apenda watu" ni somo. "Mungu anipenda" ni habari nyingine, na tofauti yote imo katika silabi ile ndogo, *ni*.

Kwa nini silabi hiyo yatushinda? Watu wa Kilosa wanaweza kujua. Zamani za ukoloni, katika mashamba ya mkonge kama yale ya Kimamba, kibarua alipewa kipande, yaani kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi. Akimaliza kazi ya siku, huandikiwa, asipoimaliza, haandikiwi. Wale walioletwa kwa mkataba kutoka mbali waliitwa manamba, maana kila mmoja alikuwa na namba yake. Msimamizi hakuwa na haja ya kujua mama yake alimwitaje. Kipande kile kimekwisha kuondoka, lakini desturi yake imekaa ndani yetu. Twaenda mbele ya Mungu na kadi mkononi: sala ngapi, saumu ngapi, sadaka kiasi gani, na kwa siku ambazo hazikuandikwa twajificha.

Mnaikumbuka habari ya mwana mpotevu katika Injili ya Luka. Wahubiri hupenda kukawia penye nguruwe; mimi hupenda maneno aliyoyatunga kabla ya kurudi. Alikusudia kumwomba babaye amfanye kibarua. Kwa lugha yetu, alikuja kuomba kipande. Baba alimwona angali mbali, akapiga mbio (mzee mzima, mbele ya watu!), akamkumbatia, na kijana alipoanza kusema, hakuachwa amalize. Ombi la ukibarua halikupata kutoka kinywani. Kaka yake aliyebaki nyumbani ndiye aliyekuwa manamba kweli kweli: alihesabu miaka aliyotumika na mbuzi ambaye hakupewa. Alikaa siku zote katika nyumba ya babaye kama mtu wa mkataba.

Wala jambo hili si la Wakristo peke yao. Ndugu zetu Waislamu, ambao ni wengi katika nchi ya Kilosa, humtaja Mungu kwa jina la Al-Wadud, Mwenye Upendo.

Wako watakaoniambia, "Maneno hayo yalikuwa wapi mwaka 2009?" Ni neno la haki. Mwezi wa Desemba mwaka ule na Januari 2010 mto Mkondoa ulifurika, ukabomoa nyumba, ukaharibu njia ya reli, na maelfu ya watu wakakosa makao. Mtu aliyelala katika hema aweza kudhani amesahauliwa, na mimi sina maelezo ya kumpa juu ya maji yale. Nasema hili tu: apimaye upendo wa Mungu kwa mavuno na kwa nyumba iliyosimama bado ashika kipande, ila sasa akagua cha Mungu. Na mama ambebaye mtoto mgongoni kuvuka maji hamwulizi kwanza amefanya kazi gani.

Basi mtu hujifunzaje? Uamsho ulioanza Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ulienea hata Tanganyika, ukafika Ukaguru. Gresford Chitemo, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Morogoro mwaka 1965, alikuwa mmoja wa watu wake. Desturi yao ilikuwa kukutana pamoja, na kila mmoja kusema kwa "mimi," si kwa "sisi wanadamu." Hiyo ni shule njema. Walakini iko hatari: ushuhuda waweza kukaririwa kama hesabu za kuzidisha, na machozi yaweza kuigwa. Usijilazimishe kuhisi usichohisi.

Tazameni miti iliyoipa Mikumi jina lake, ile mivumo mirefu. Mbegu yake ikiota haioneshi shina upesi. Kwanza hupeleka chipukizi lake chini, ndani sana ya udongo, na miaka hupita kabla shina halijasimama. Mpita njia hudhani hapana kitu pale.

Nami nawapa zoezi la juma hili. Jioni, kabla ya kuomba lo lote, na hata kabla ya kutubu, kaa kimya kwa muda wa uji kupoa, kama mtu anayetazamwa na mmoja aliyefurahi kumwona. Liseme neno lile, "Mungu anipenda," kwa lugha aliyokuitia mama yako, iwe Kikaguru, Kisagara, Kividunda au Kiswahili cha nyumbani, maana Kiswahili cha darasani hakifiki katika kila chumba cha moyo. Na siku utakazosahau, usiziandike po pote.