Jamaa ya Shinawatra na Kodi

Babu wa kwanza wa jamaa hii alikuwa Mchina aliyehamia Siam, ndiyo Thailand, katika karne ya 19, akawa mkusanya kodi. Wazao wake walifanya biashara ya hariri mjini Chiang Mai. Thaksin, aliyekuwa polisi, alitajirika kwa kibali cha serikali cha simu za mkono. Mwaka 2001 akawa Waziri Mkuu. Maskini walimpenda, nasi hatuwalaumu: kwa baht 30 tu mgonjwa alitibiwa. Lakini Januari 2006 jamaa yake waliuza hisa kwa baht bilioni 73, na kodi hawakulipa. Sisi twakatwa yetu kabla mshahara haujafika mkononi! Watu wa Bangkok wakajaa barabarani, na Septemba askari wakampindua. Wakulima hawakuisahau ile baht 30: mwaka 2011 walimpigia kura dada yake, Yingluck.