Kwa Nini Dirisha la Kompyuta Halikai Pale Ulipoliweka



Nimeombwa nijibu swali ambalo limerudi mara kadhaa kwenye karatasi zenu za maswali. Mweka hazina anaketi kwenye kompyuta ya kikundi. Anafungua daftari la mikopo, analiweka kushoto. Anafungua orodha ya wanachama, anaiweka kulia. Anavuta kila dirisha mpaka aone vizuri. Kesho yake akiwasha mashine, kila kitu kimehama. Dirisha moja limejaa skrini nzima, la pili limejificha nyuma yake. Anaanza upya, na kesho kutwa vivyo hivyo.

Kuna watakaosema hilo ni jambo dogo. Mimi naona si dogo. Dirisha moja likifunika lingine, mtu anasoma jina huku, kisha anaandika pesa kule kwa kukumbuka kichwani. Hapo ndipo malipo ya mama mmoja yanaingia kwenye mstari wa jirani yake, na siku ya mkutano watu wanaanza kuangaliana vibaya. Halafu anaitwa fundi, anasema mashine ina virusi, anafuta kila kitu, anaweka Windows upya na kudai pesa yake. Siku ya pili madirisha yanahama tena! Kwa sababu huu si ugonjwa. Ndivyo mashine ilivyoundwa.

Sasa tuelewane. Kompyuta haitunzi mpangilio wa madirisha yote kwa pamoja. Kila programu inajitegemea. Ukiifunga programu iliyotengenezwa vizuri, inaandika pembeni: nilikuwa hapa, upana wangu huu, urefu wangu huu. Ukiifungua tena inasoma maandishi yale na kurudi pale pale. Word, Excel na hata kile kidaftari kidogo cha Notepad kwa kawaida hufanya hivyo. Lakini programu isiyoandika chochote, Windows ndiyo inaitafutia mahali, na mara nyingi kila dirisha jipya linawekwa chini kidogo na kulia kidogo ya lililotangulia, kama karatasi zilizoteleza mezani.

(Wazee wa kompyuta watakumbuka Windows 3.1 ya mwaka 1992. Dirisha lake kuu lilikuwa na mahali pa kutia alama palipoandikwa “Save Settings on Exit”, na ukitia alama, mpangilio wa dirisha lile ulihifadhiwa ukitoka. Windows 95 ilipokuja Agosti 1995, dirisha lile likawekwa kando.)

Angalieni sana neno hili: programu nyingi huandika wakati wa kufungwa. Je, stima ikipotea ghafula? Programu inakufa kabla haijaandika. Na yule kijana anayekandamiza kitufe cha kuzimia mpaka mashine inyamaze, eti ana haraka, amefanya kazi ile ile ya stima kupotea. Basi dawa ya kwanza haina gharama. Funga kila programu kwa alama ya X iliyo juu kulia, ndipo uzime kompyuta kupitia “Start”. Mahali ambapo stima hupotea kila mara, mashine ya mapajani yenye betri nzima, au kile kisanduku cha betri kinachounganishwa na kompyuta ya mezani, kitawapa dakika za kutosha kufunga vizuri. Kinaokoa hesabu zenyewe pia, si madirisha tu.

Jambo la pili ni kwamba anayefunga mwisho ndiye anayekumbukwa. Kama umefungua madirisha matatu ya Excel, lile la mwisho kufungwa kwa kawaida ndilo linaloacha vipimo vyake. Funga yale mengine kwanza. Mkitaka kupima programu yenu, fungueni dirisha moja tu, livuteni pembe mpaka liwe sawa, lifungeni, kisha mlifungue. Likirudi pale pale, programu hiyo inakumbuka. Lisiporudi, msigombane nayo.

La tatu linahusu kompyuta inayotumiwa na watu wengi, na hapa nataka nikae kidogo. Vikundi vingi vina akaunti moja tu, na katibu, mweka hazina na vijana wa kuangalia video wote wanaingia kwa hiyo hiyo. Sasa, kumbukumbu hizi kwa kawaida huwekwa kwa kila akaunti. Mkitumia moja, atakayeondoka jioni ndiye anayempangia mweka hazina madirisha ya asubuhi. Kila mmoja apewe akaunti yake na neno lake la siri. Mweka hazina ataukuta mpangilio wake, na daftari la mikopo halitafunguliwa na kila apitaye. Kwa maoni yangu sababu hii ya pili peke yake inatosha.

Kuna na njia ya kipicha. Kile kipicha unachobofya kufungulia programu, kibofye kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua “Properties”, tafuta palipoandikwa “Run”, uchague “Maximized”. Programu itafunguka imejaa skrini kila siku. Zipo zisizotii. Haifai kwa anayetaka madirisha mawili kando kwa kando.

Huyo namshauri hivi, na ndivyo ningefanya mimi: asitegemee kumbukumbu ya mashine hata kidogo. Kuanzia Windows 7 ya mwaka 2009, ukishika kitufe chenye alama ya Windows na kubonyeza mshale wa kushoto, dirisha ulilo nalo linajipanga nusu ya kushoto. Nenda kwenye la pili, fanya vivyo hivyo kwa mshale wa kulia. Kwa Windows 10 na 11, ukishaweka la kwanza, utaonyeshwa mengine upande wa pili, unabofya unalotaka. Ni kazi ya sekunde chache. Mwandikieni mweka hazina kwenye kikaratasi, kibandikwe kando ya skrini.

Kuhusu mafaili: kwenye “Folder Options”, sehemu ya “View”, kuna mstari unaosema “Restore previous folder windows at logon”. Tieni alama. Folda zilizokuwa wazi wakati wa kuzima zitafunguka tena mkiingia. Ni folda tu, si Excel.

Na waliouliza juu ya dirisha linalopotea baada ya mafunzo ya projekta: halijapotea, limebaki upande wa skrini iliyoondolewa. Shika Alt, bonyeza Tab mpaka ulifikie, uachilie, kisha tumia kile kitufe cha Windows na mshale mpaka lirudi. Wanaotumia kompyuta za sayba nao wajue kuwa baadhi zimewekwa zifute kila badiliko zikizimwa na kuwashwa. Huko kalamu haishiki. Bebeni hesabu zenu kwenye flashi.

Maswali ya printa naona ni mengi, tutayashika baada ya chai.